Je, Wajua Kwa Nini Ulaya Ilitafuta Amani Katika Makaa ya Mawe na Chuma?

Kati ya mwaka 1870 na 1940, majeshi ya Wajerumani yaliingia katika ardhi ya Ufaransa mara tatu. Tarehe 9 Mei 1950, miaka mitano tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika Ulaya, Robert Schuman, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, alitoa pendekezo ambalo halikuwa mkataba wa urafiki wala ahadi ya kutoshambuliana. Alitaka makaa ya mawe na chuma chote kinachozalishwa na Ufaransa na Ujerumani kisimamiwe na mamlaka moja ya pamoja, na nchi nyingine za Ulaya ziruhusiwe kujiunga.

Hesabu yake ilikuwa ya kiwandani zaidi kuliko ya kidiplomasia. Wakati huo matanuri ya kuyeyushia chuma yalitegemea makaa ya mawe, na bila chuma hakuna mizinga, vifaru wala manowari. Kwa hiyo nchi isiyomiliki peke yake vitu hivyo viwili haiwezi kujiandaa kwa vita bila jirani yake kujua. Mwaka 1951 Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilitia saini mkataba wa kutekeleza pendekezo hilo mjini Paris, nao ndio uliokuja kuzaa Umoja wa Ulaya.

Ikumbukwe kwamba biashara yenyewe haikuwa jambo geni. Uingereza na Ujerumani ziliuziana bidhaa kwa wingi kabla ya mwaka 1914, na bado zikapigana. Japani nayo ilinunua sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka Marekani, lakini Marekani ilipoyazuia mwaka 1941 ili kuibana iache kuteka nchi za Asia, watawala wa Japani hawakurudi nyuma: waliamua kuyafuata mafuta ya Asia ya Kusini-Mashariki kwa silaha, na Desemba mwaka huohuo wakaishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani. Kumtegemea mwingine huleta utulivu pale tu kila upande unapoamini kwamba mlango hautafungwa kesho. Imani hiyo ikitoweka, utegemezi uleule hugeuka kuwa sababu ya kupigana.

Aina ya utajiri nayo ina uzito, pengine kuliko kiasi chake. Uchumi unaotegemea ujuzi wa watu, mikopo na mikataba ni vigumu kuuteka, kwa maana wataalamu hukimbia na wateja huhama, ilhali mgodi hubaki palepale hata bendera ikibadilishwa. Iraq ilipoivamia Kuwait mnamo Agosti 1990, ilikuwa imelemewa na madeni ya vita vyake na Iran, mengine ikidaiwa na Kuwait yenyewe, na kilichokuwa ng'ambo ya mpaka ni visima vya mafuta, si karakana za wahandisi.