Garratt ya klasi ya 59 si injini mbili

Nimechoka na hili. Mgeni anasimama kando ya namba 5918, injini ya treni ya mvuke ya aina ya Garratt, pale Makumbusho ya Reli Nairobi, anaikagua toka pua hadi mkia, kisha anamwambia mwenzake kwa uhakika kabisa: "Hizi ni injini mbili, wameziunga mgongo kwa mgongo." Walimu nao huwaambia wanafunzi hivyo hivyo, nami nimesimama palepale.

Ni injini moja. Boila moja, tanuri moja, kibanda kimoja, dereva mmoja na mpiga moto wake. Kilicho mara mbili ni seti za magurudumu: moja mbele chini ya tangi la maji, nyingine nyuma, kila moja na silinda zake mbili. Boila imebebwa katikati kama mgonjwa kwenye machela: wabebaji hukata kona kila mmoja kwa zamu yake, mgonjwa mwenyewe hakanyagi chini. Akili yote ya Garratt iko hapo. Kwa kuwa boila haikukalia magurudumu makubwa, mafundi wa kiwanda cha Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, waliinenepesha hadi kipenyo cha karibu mita 2.3, na reli zenyewe zina upana wa mita moja tu! Uzito wote, tani 250 na ushee, ukagawanywa kwenye ekseli 14, yaani vyuma 14 vinavyounga magurudumu mawili mawili. Ungeunga injini mbili za kawaida ungepata boila mbili nyembamba, moto wa kutunza sehemu mbili, na mishahara maradufu. Kilichotakiwa ni mtambo mmoja wa kupandisha tani 1,200 kutoka Mombasa baharini hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na ndicho kilichopatikana.

Kwa hiyo ukija, simu ibaki mfukoni kwanza. Inama, chungulia chini ya tumbo la boila, tafuta gurudumu hapo katikati. Ukishalikosa, piga picha zako.

Makosa mengine ya wageni nayajibu kwa ufupi. Makaa ya mawe? Hapana, zilichoma mafuta mazito; msinitafutie mtu wa koleo. Eti zilikuwepo enzi za simba wa Tsavo, wale waliokula wajenzi wa reli? Simba wale waliuawa Desemba 1898, na injini hizi 34 zilijengwa katikati ya miaka ya 1950. Behewa ambamo simba mwingine alimuua Ryall, afisa wa polisi wa reli, mwaka 1900 limo humo humo makumbushoni, nadhani ndilo linalowachanganya watu.

Na eti ni mali ya Kenya tangu mwanzo? Hapana: zilinunuliwa na shirika la reli la Afrika Mashariki nzima, lililovunjika mwaka 1977, na kila moja ilipewa jina la mlima. 5918 ni Mount Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron. Jirani yake 5930 ni Mount Shengena, wa Upareni. Yote miwili iko Tanzania.