NAS ni nini, na ya bei nafuu kwa mtu wa Linux ni ipi?

Ukiingia dukani ukauliza kama wana NAS, mara nyingi utaletewa kiboksi chenye nafasi mbili za diski, hakina diski hata moja ndani, na bei yake inatosha kununua laptopu ya mtumba. Wengi wanatoka hapo wakiamini NAS ni kitu cha makampuni. Jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi iliyoungwa kwenye mtandao, na halizidi hapo: diski haijachomekwa kwenye kompyuta yako, imechomekwa kwenye kompyuta nyingine ndogo, na hizo mbili zinaongea kupitia rauta. Kile kiboksi nacho ni kompyuta. Vile vya Synology na QNAP, kwa mfano, vinaendeshwa na mifumo iliyojengwa juu ya Linux.

Kwa hiyo mtu wa Linux nusu ya NAS anayo tayari. Anachotafuta ni diski, na mahali pa kuichomeka.

Mahali pa bei ya chini kabisa ni rauta yenye tundu la USB nyuma. Na mimi nilianzia hapo. Rauta yangu haikujua kusoma kingine zaidi ya FAT32, namna ya zamani ya kupanga faili kwenye diski, nikaiformati diski hivyo, nikanakili folda yangu yote ya nyumbani, nikalala usingizi mnono. Miezi kadhaa baadaye diski ya laptopu ikafa. Nikarudisha faili zangu, na kwa haraka ungesema zote zimo. Kumbe viungo vilivyokuwa vinaelekeza faili moja kwa jingine vimepotea. Kila faili, hata picha, limepewa ruhusa ya kuendeshwa kama programu. Faili la mashine pepe halikuwepo kabisa. Na ssh, programu ya kuingilia kompyuta nyingine kupitia mtandao, ikagoma kutumia ufunguo wangu wa siri, ikilalamika kwamba ufunguo huo sasa unasomwa na kila mtu.

Kosa halikuwa la rauta. FAT32 haina pa kuandika mmiliki wa faili wala ruhusa zake, na haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4. Basi swali la kwanza kabla ya kuuliza bei ya terabaiti ni hili: hifadhi hii inajua faili la Linux ni kitu gani? Kama haijui, unalipia mahali pa kupotezea vitu taratibu.

Jibu linategemea lugha ambayo diski na kompyuta yako zinatumia kuongea. SMB ni lugha ya dunia ya Windows. Linux inaiongea kwa kutumia Samba, kazi iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992. Inafaa kama nyumbani kuna kompyuta za kila aina, ila kwa kawaida haibebi umiliki na ruhusa za Linux kama zilivyo. Halafu rauta za zamani zinajua toleo la kwanza tu la SMB, lile ambalo virusi vya WannaCry vilipitia mwezi Mei 2017. Mwaka huohuo Linux, kuanzia toleo 4.13 la kerneli (kiini chake), iliacha kulitumia bila kuambiwa, ndiyo maana hadi leo watu wanashangaa rauta inaonekana lakini folda yake haipachikiki, yaani haikubali kuunganishwa na kompyuta ikatumika kama folda ya kawaida.

NFS ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984. Imezaliwa ndani ya Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, kwa hiyo mmiliki na ruhusa vinasafiri nayo. Udhaifu wake ni imani: katika mpangilio wa kawaida inakubali namba ya mtumiaji iliyotajwa na kompyuta yako bila kuhoji. Nyumbani sawa. Kwenye mtandao wa hosteli, hapana.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, nayo ni kutokupachika folda yoyote. Unaingia kwenye ile kompyuta ndogo kwa SSH na kusukuma faili kwa rsync, programu ya Tridgell yuleyule na Paul Mackerras, iliyotoka mwaka 1996. Rsync inalinganisha pande mbili na kutuma vipande vilivyobadilika tu. Siku ya kwanza inachukua masaa, siku ya pili dakika. Ukiiongezea chaguo la --link-dest, kila siku inakuwa na folda yake kamili, huku faili ambazo hazijaguswa zikikaa kwenye diski mara moja tu.

Borg na restic, programu za kutunza nakala, zinakwenda mbali zaidi. Zinakata faili vipande vipande, kipande kinachojirudia kinahifadhiwa mara moja, vyote vinasimbwa kwa nenosiri, na taarifa za mmiliki na ruhusa zinaandikwa ndani ya hazina yao wenyewe. Hapo hata hifadhi isiyojua Linux inatumika, kwa sababu yenyewe inaona mafungu ya data tu. Nenosiri ukilisahau, lakini, hakuna fundi wa kukusaidia. Liandike kwenye karatasi, uliweke zilipo hati za kiwanja.

Sasa vifaa. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ndiyo ya kwanza kwenye ukoo wake kufaa kweli kwa kazi hii, kwa kuwa ilikuja na USB 3.0 na tundu la mtandao la gigabiti halisi. Kikwazo chake ni umeme: matundu yote manne ya USB yanagawana ampea 1.2, kwa hiyo diski mbili ndogo zikianza kuzunguka kwa pamoja, moja inaweza kuzimika katikati ya kuandika. Tafuta hab ya USB yenye chaja yake, au diski kubwa inayokuja na adapta.

Njia nyingine ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, zile Dell OptiPlex zilizojaa Kariakoo. Unaweka Debian, moja ya mifumo ya Linux, unaingiza diski ndani, kazi imekwisha. Asiyependa kuandika amri aweke OpenMediaVault, inayokaa juu ya Debian hiyohiyo na kuendeshwa kwa kivinjari. Bei yake ya kununua ni nzuri. Ila inabidi uhesabu na umeme wa LUKU. Mashine inayokula wati 60 usiku na mchana inamaliza uniti 43 kwa mwezi, wakati Pi na diski yake, kwa wati kama 10, haifiki uniti 8. Kwa nyumba iliyo kwenye D1, daraja la TANESCO la watumiaji wadogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mashine hiyo peke yake inakula zaidi ya nusu. Dawa ipo: iamke saa nane usiku kwa amri ya rtcwake, ipokee nakala, ijizime. Hakuna aliyesema NAS lazima ikeshe.

Diski ya mtumba usiinunue kwa kuangalia ganda. Ichomeke, endesha amri ya smartctl -a, usome mistari miwili: saa ilizofanya kazi, na sekta zilizohamishwa, yaani sehemu za diski zilizoharibika. Mstari wa pili ukiwa juu ya sifuri, mwachie muuzaji diski yake.

Waya nao una neno. Rauta nyingi tunazopewa na watoa intaneti zina matundu ya megabiti 100, ambayo ni megabaiti kama 11 kwa sekunde. Gigabaiti 500 hapo ni zaidi ya saa 12. Swichi ndogo ya gigabiti kati ya laptopu na NAS inaleta kazi hiyo chini ya saa moja na nusu, na kwa maoni yangu hakuna shilingi nyingine kwenye shughuli hii inayorudisha fadhila kiasi hicho.

Wauzaji watakuuzia RAID pia, hasa ile ya diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile. Inakukinga diski moja ikifa. Haikukingi dhidi ya mkono wako mwenyewe: ukifuta folda, imefutika kwenye diski zote mbili sekunde ileile. Ukiwa na pesa ya diski mbili, ya pili iweke kwenye nyumba nyingine.

Kuna hatari nyingine inayofanana na hiyo. Folda ya NAS iliyopachikwa muda wote ni folda yako tu. Programu ya kuteka faili ikiingia kwenye laptopu inasimba hadi nakala. Ndiyo maana ni bora NAS ije kuchukua kuliko laptopu kupeleka. NAS inaingia kwenye laptopu kwa ufunguo wake wa SSH na kuvuta, wakati laptopu haina ufunguo wowote wa kuingia NAS. Ukiwa na Borg, unaweza kumruhusu mtumaji aongeze tu asifute.

Na hifadhi za kukodi ughaibuni? Backblaze B2 ilipandisha bei Oktoba 2023 kutoka dola 5 hadi 6 kwa terabaiti kwa mwezi, na Hetzner ya Ujerumani inakodisha nafasi zinazopokea rsync na Borg moja kwa moja. Bei si mbaya. Tatizo ni mlango wa kutokea: kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10, terabaiti moja inachukua siku 9 bila kupumzika, na kama unatumia bando usianze kabisa. Mimi napeleka huko hati na picha tu.

Mwisho, rudisha faili moja. Chagua lolote la mwezi uliopita, lirudishe kwenye folda tupu, ulifungue. Januari 2017 GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, walifuta hifadhidata yao kwa bahati mbaya, wakakuta kati ya njia tano za nakala walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Mimi hufanya jaribio hilo kila tunapokutana na dada yangu wa Morogoro, kwa kuwa diski yangu ya pili inakaa kwake kabatini na ya kwake inakaa kwangu.