Simu haihitaji kukusikiliza

Jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, amebandika selotepu kwenye tundu la maiki ya simu yake. Asubuhi tuliongelea mbolea ya viazi, jioni tangazo la mbolea likamtokea Facebook. "Wanatusikiliza!" Namwelewa, inatisha kweli. Ila mwenye tangazo huchagua tu watu wa kuwaonyesha: wakazi wa Mbeya, umri fulani, wanaofuatilia kilimo. Na juzi yeye mwenyewe alitafuta bei ya mbolea ya DAP mtandaoni; tovuti nyingi huipa Facebook taarifa kama hizo. Tena ni Novemba, mvua zinaanza, nani huku hawazi mbolea?

Mwaka 2018 watafiti wa Northeastern University, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakukuta ushahidi wa sauti kurekodiwa kwa siri. Walikuta baadhi zikirekodi yanayoonekana kwenye kioo cha simu.