Msaidizi wa Sauti Kwenye Miwani ya Mafunzo ya Tiba: Kwanza Arudie Alichosikia

Mwanafunzi wa uuguzi amevaa miwani ya uhalisia pepe. Machoni pake kuna mgonjwa aliyechorwa na kompyuta, moyo umesimama. Chini ya viganja vyake kuna sanamu ya mafunzo. Anabana kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na kila akifikisha mibano 30 anampa pumzi 2. Rimoti ataishika kwa mkono upi? Akiwa na msaidizi wa sauti, yaani programu inayosikiliza na kujibu, anauliza tu, "Muda?" na kujibiwa, "Dakika moja na nusu," mikono haijatoka kifuani.

Wazo hili lina umri. Miaka ya 1990 kulikuwa na AESOP, mkono wa roboti ulioshika kamera ya upasuaji wa matundu madogo na kuisogeza kwa amri ya mdomo, kwani daktari aliyekwisha kuvaa glavu safi hagusi kitu ovyo. Kwanza ilibidi arekodi amri hizo kwa sauti yake mwenyewe. Siku hizi programu huelewa hata mtu ambaye haijawahi kumsikia.

Faida haiishii kwa watabibu. Huko Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza SnowWorld, mchezo wa uhalisia pepe, kwa ajili ya watu walioungua moto. Wakati vidonda vinasafishwa, mgonjwa yumo bondeni kwenye theluji, anarusha mipira ya barafu. Maumivu hutaka akili yote; akili ikivutwa kwingine, ukali wake hupungua. Lakini aliyeungua viganja atarusha vipi? Naamini kwa mtu kama huyo kutamka "rusha" ni msaada mkubwa, hasa akiweza kulitamka kwa lugha anayolilia.

Na hapa Kiswahili kina mitego yake. Msikilize muuguzi akisema, "Kidonda hakina usaha." Feni ikivuma, ile "ha" ikamezwa, mashine inaandika, "Kidonda kina usaha." Silabi moja imegeuza taarifa nzima. Au chukua "dawa ya saa mbili usiku": programu iliyozoea saa za Kiingereza itaweka 2:00, wakati muuguzi alimaanisha 8:00. Kosa hilo ni la saa sita.

Dawa ya makosa haya wahudumu wa dharura wanaijua siku nyingi. Kiongozi akisema, "Adrenalini miligramu 1," anayeipokea amri huirudia kwa sauti, "Adrenalini miligramu 1," kisha akishachoma hutangaza, "Imeshaingia." Msaidizi wa sauti afanye vilevile: arudie alichosikia, asubiri "ndiyo", ndipo aandike. Chuo kinachonunua programu hizi kiombe kuonyeshwa jambo hilo kabla ya kulipa, tena ijaribiwe na watu wa lafudhi mbalimbali, feni ikiwa inavuma.

Ulizeni pia sauti inakwenda wapi. Baadhi ya programu huichakata ndani ya kifaa. Nyingine huituma kwenye seva za mbali, na bando likikata zinakuwa bubu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa aelezwe kabla hajavalishwa miwani.

Amri moja tu isisubiri kurudiwa: ya kusimamisha. Mgonjwa akipatwa na kizunguzungu au woga, picha izimike papo hapo. Neno lake lichaguliwe kwa uangalifu. "Basi" linakuja haraka mdomoni, lakini tunalitumia katika kila hadithi, "basi, nikamwambia," na picha itakatika bila sababu. "Zima picha" ni salama zaidi. Muuguzi amfundishe mgonjwa maneno hayo na kumtaka ayatamke mara mbili tatu miwani ikiwa bado mezani, naye abaki karibu, tayari kuivua kwa mkono wake.