Ukitaka kuwajua watu wa enzi za Malkia Victoria, ng'ang'ana na mtaa mmoja

Wanafunzi wakinijia na hamu ya kusoma maisha ya Uingereza enzi za Malkia Victoria, yaani 1837 mpaka 1901, wengi wanakuwa wameshaanza na magauni, majumba ya matajiri na picha za malkia mwenyewe. Sio vibaya, ila hao walikuwa wachache sana. Mimi kazi yangu ni nyaraka za karne ya 19 na ninachowaambia ni kile kile kila mwaka: chagua mtaa mmoja tu wa London, ung'ang'anie, uufuate kwenye ramani, mahakamani na kwenye sensa. Vyote viko mtandaoni na vingi ni bure, simu na bando vinatosha.

Tuchukue Old Nichol, pale Bethnal Green, mashariki mwa London. Fungua kwanza ramani ya umaskini ya Charles Booth, tajiri wa meli aliyeanza uchunguzi wake 1886 akaendelea mpaka 1903 kwa hela yake mwenyewe. Chuo cha London School of Economics wameiweka yote mtandaoni, kila mtaa umepakwa rangi, njano ni matajiri wa kweli kweli, nyekundu wenye uwezo, pinki wanaojimudu, zambarau mchanganyiko, buluu mpauko maskini wa shilingi 18 mpaka 21 kwa wiki kwa familia ya kawaida, buluu iliyokoza hoi kabisa, halafu nyeusi. Old Nichol ni nyeusi na buluu iliyokoza, imebanana katikati ya mitaa yenye nafuu, na ukiivuta karibu unaona vichochoro ambavyo leo havipo, maana miaka ya 1890 eneo lote lilibomolewa, watu zaidi ya 5000 wakahamishwa, na kifusi chake ndio kile kilima cha bustani ya Arnold Circus.

Sasa angalia maana ya ile nyeusi. Booth aliielezea kama tabaka la chini kabisa, watu waovu na wahalifu nusu. Hiyo ni hukumu, sio kipimo cha mshahara! Kwa hiyo kabla hujaikubali ramani jiulize nani alishika kalamu, na jibu liko humo humo, maana madaftari nayo yameskaniwa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 vijana wa Booth walizunguka London na polisi wa doria mtaa kwa mtaa wakiandika wanachokiona, vioo vya madirisha vimevunjika au vizima, watoto wana viatu au hawana, milango iko wazi au imefungwa. Yaani macho ni ya msomi, maneno mengi ni ya askari, na anayeishi humo hajaulizwa kitu. Mimi madaftari hayo nayapenda kuliko ramani yenyewe.

Ukitaka kuwasikia wakazi wenyewe nenda Old Bailey Online, kumbukumbu za mahakama kuu ya jinai ya London kuanzia 1674 mpaka 1913, kesi zaidi ya 197,000, unasachi bure. Usisachi "wizi" au "mauaji", utazama. Sachi jina la mtaa, au kitu: leso, buti, saa ya mfukoni, birika. Kesi moja ya leso inakupa bei ya ile leso, kibaka alisimama wapi, askari alimfukuza mpaka kona gani, mwenye duka la rehani analeta tiketi na kueleza nani aliiweka rehani kwa peni ngapi, na mpangaji wa chumba cha jirani anasema saa ngapi alisikia mlango. Mwandishi wa mahakama alichukua kwa hati mkato, ila maswali ya mawakili kwa kawaida yaliachwa, ndio maana shahidi anaonekana kama anaongea mfululizo peke yake. Ukiona ameruka ghafla jambo lingine, jua hapo kuna swali halikuandikwa. Na ukiona wizi mdogo unapungua baada ya 1855 usidhani London imetakasika, sheria ilibadilika, kesi ndogo zikaenda mahakama za chini.

Halafu sensa. Ile ya 1881 unaipata bure kwenye tovuti ya FamilySearch, majina, umri, kazi, mahali pa kuzaliwa. Ya 1841 ina mtego, watu wazima wengi umri ulishushwa kwenye namba inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo mtu wa miaka 34 anaandikwa 30. Lakini kinachoniuma zaidi ni safu ya kazi, kwa wake za watu mara nyingi iko tupu. Tupu! Bethnal Green hiyo hiyo wanawake walikaa na watoto wao wakikunja maboksi ya viberiti nyumbani kwa peni mbili na robo kwa kila maboksi 144, na gundi wananunua wenyewe. Karani wa sensa anaondoka pale ameandika mume kibarua, mke hana kitu.

Na sisi wa huku tumo humo. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alitembelea Uingereza na magazeti yakamwandika, ila sachi Burgash, Bargash na Burghash pia, kila mhariri alikuwa na tahajia yake na skani nazo zinakosea herufi. Welsh Newspapers Online, yaani magazeti ya zamani ya Wales, ni bure kabisa, na magazeti ya mikoani yalinakiliana habari za London, so huna haja ya kulipia.

Nyingine ni Livingstone Online, tovuti ya maandishi ya David Livingstone, yule mmisionari na msafiri. Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, Kongo ya leo, Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la The Standard kwa wino wa mbegu za huko. Wino ukafifia, haukusomeka mpaka wataalamu walipoupiga picha kwa mianga tofauti na kuutoa 2011. Humo ameandika mauaji ya watu sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai, na maneno yake sio sawa na yaliyochapwa London 1874 baada ya kufa kwake. Fungua kurasa za siku hiyo, kitabu cha 1874 nacho kiko Internet Archive, viweke pembeni kwa pembeni usome mstari kwa mstari.