Kwa nini kijana wa London humfuata sheikh hadi Tarim?

Wengi wakisikia kijana Mwislamu wa London au Toronto ameshika mapokeo, hudhani amerudi kwenye mila za wazazi wake. Dhana hiyo haisimami. Mara nyingi kijana huyo anawaruka wazazi. Msikiti wa mtaani, ulioanzishwa na wahamiaji wa Pakistan au Bangladesh, anauona umechanganya dini na desturi za kijijini kwao. Anatafuta jambo la kale kuliko babu yake, na yuko tayari kulipokea kwa mtu asiye wa kabila lake. Hamza Yusuf, mmoja wa waanzilishi wa Chuo cha Zaytuna huko Berkeley, Marekani, alizaliwa Mark Hanson. Alisilimu mwaka 1977, kisha akasoma Mauritania kwa Murabit al-Hajj. Watoto wa Waarabu na Wahindi wakakaa kwenye darsa zake.

Kinachompa sheikh kama huyo mamlaka ni isnadi, yaani mlolongo wa walimu, kila mmoja kasoma kwa aliyemtangulia hadi kwa mtunzi wa kitabu au, katika hadithi, hadi kwa Mtume (S.A.W.). Ijaza ndiyo idhini ya kuingia humo. Mfikirie nahodha wa jahazi. Ramani yenye mwamba uliochorwa anaweza kuinunua yeyote. Lakini maji yanaufunika mwamba saa ngapi, na kusi likivuma mkondo unavuta wapi, hayo alioneshwa na nahodha aliyeshika usukani kabla yake, naye alioneshwa na wake. Abiria mwenye busara huuliza amefunzwa na nani. Kwenye fiqhi, yaani sheria za dini, maandishi sasa yamejaa kwenye simu, na hilo limeipandisha isnadi thamani: kitabu kila mtu anacho, mwalimu si kila mtu.

Ila ijaza hazilingani. Ipo ya baraka, inayotolewa kwa umati katika kikao kimoja, na ipo ya kufundisha, baada ya kusoma kitabu kizima mbele ya sheikh. Tena mlolongo si njia pekee. Nasiruddin al-Albani, fundi saa wa Damascus aliyekuja kuwa mwanazuoni wa hadithi, alijisomea sana katika maktaba ya Zahiriyya. Wapinzani walimlaumu kwa hilo, lakini vijana wengi wa Kisalafi Ulaya hutegemea hukumu zake za hadithi.

Baadhi ya wanaofuata isnadi huishia Dar al-Mustafa, chuo cha dini cha Habib Umar bin Hafidh, mjini Tarim, Hadhramaut, Yemen. Huko hukutana na wanafunzi wa kutoka mwambao wetu, maana silsila hiyo ya masharifu wa Ba Alawi ndiyo ya Habib Swaleh wa Msikiti wa Riyadha, Lamu, na Maulidi ya Habshi yanayosomwa pale yalitungwa Hadhramaut hiyohiyo.