Rubani wa Nauli Nafuu: Yanayosemwa Mtaani na Hali Ilivyo

Kijana wa Dar akirudi na leseni ya urubani wa biashara, kutoka Afrika Kusini au uwanja wa Wilson pale Nairobi, ukoo mzima unageuka kamati ya ajira. Mjomba anataka asubiri shirika kubwa. Shangazi aliyechangia ada anauliza mbona mwezi unaisha hajaanza kazi. Likitajwa shirika la nauli nafuu, kila mtu ana lake, na mengi ni ya kusikia.

“Nauli bei chee, rubani bei chee.”

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo bovu zaidi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, haina leseni ya daraja la chini kwa ajili ya ndege za bei nafuu. Cheti cha afya ni kilekile cha daraja la kwanza, na mtihani wa simuleta, mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, unarudi mara mbili kwa mwaka kwa kila rubani wa shirika. Shirika la nauli nafuu la Fastjet lilipoanza kuruka Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro Novemba 2012, tiketi za chini kabisa zikiwa shilingi 32,000 kabla ya kodi, lilitumia Airbus A319, ndege inayorushwa pia na mashirika makubwa ya Ulaya. Unafuu unatoka kwingine: ndege za aina moja, viti vilivyobanana, soda ya kununua, na ndege isiyolala chini. Ikitua Mwanza, abiria wanashuka huku mafuta yanaingia, kapteni anasaini karatasi ya uzito, na ndani ya nusu saa wanageuza.

“Wanalipa kiduchu.”

Inategemea. Southwest, shirika la nauli nafuu la Marekani, iliyoanza safari mwaka 1971 na kuigwa na karibu wote waliofuata, marubani wake wamo kwenye kundi linalolipwa vizuri kwa ndege za ukubwa ule. Cha kuangalia ni jinsi mshahara ulivyopangwa. Kwa kawaida kuna mshahara wa msingi, halafu posho ya saa za kuruka. Desemba, Wachagga wanapokwenda kuhesabiwa kwao Kilimanjaro, ndege zinajaa na posho inanona. Masika ikiingia rosta, yaani ratiba ya zamu, inakonda, nawe unakonda nayo, ila kodi ya nyumba Tabata haijui masika. Kwa hiyo piga bajeti kwa mshahara wa msingi peke yake. Kama hautoshi, mkataba huo ni mbaya hata kama posho inang’aa.

Kisha kuna bondi. Shirika linakulipia mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha, nawe unasaini kukaa miaka kadhaa. Ukiondoka mapema unarudisha fedha, na kwa ndege ya jeti ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Bondi yenyewe si dhambi. Soma kama deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linadaiwa lote mpaka siku ya mwisho. Soma pia nani analibeba shirika likiacha kuruka. Na nani mwajiri wako hasa? Ryanair, shirika la nauli nafuu la Ireland, kwa miaka mingi ilitumia marubani wengi kupitia mawakala, si kama waajiriwa wake. Septemba 2017 rosta ilivurugika, safari zikafutwa kwa maelfu, na Desemba mwaka huohuo ikakubali kwa mara ya kwanza kuvitambua vyama vya marubani. Mashirika hulegea yakikosa watu wa kurusha ndege.

“Leseni mkononi, kazi ipo.”

Leseni ya biashara unaweza kuipata na saa kama 200 tu za kuruka. Bado unahitaji kibali cha aina ya ndege utakayorusha, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwenye mshahara. Kibali cha A319 kinakufungulia pia A320 na A321, yaani soko la dunia nzima. Cha ndege ya ATR hakikuruhusu kugusa ndege ya Q400, ingawa kwa abiria zote ni pangaboi. Fastjet iliziacha A319 na kuingia Embraer 190 mwaka 2016, na mwishoni mwa 2018 ikasimama kuruka Tanzania. Kwa hiyo muulize mwajiri anarusha nini, kisha jiulize nani mwingine kwenye ukanda huu anarusha hiyohiyo.

“Utatembea dunia.”

Hapana. Utatembea Mwanza, Dodoma, KIA, na jioni uko nyumbani. Mwenye watoto wadogo huona hilo ni neema. Adha yake ni alfajiri: ndege ya saa 12 asubuhi inakutaka uwanjani saa 11 au kabla, na anayeishi Kibaha anaamka saa 8 usiku. Safari nne kwa siku zinachosha kuliko moja ndefu.

“Pale hutajifunza kitu.”

Kinyume chake. Rubani wa masafa marefu anaweza kutua mara chache tu kwa mwezi; wewe unatua mara hizo kabla wiki haijaisha. Ziwa Victoria lina radi kali za usiku na alfajiri, na hakuna simuleta itakayokufundisha uamuzi wa kusubiri, kuzunguka au kurudi kama kapteni mzoefu aliye kando yako. Saa 1,500 zinazotakiwa kwa leseni ya juu kabisa zinajaa mapema.

“Bila mashirika hayo huna pa kuanzia.”

Nenda Terminal 1 ya uwanja wa ndege wa Dar asubuhi uangalie ndege ndogo za Cessna Caravan zikiondoka kwenda Zanzibar na mbugani. Vijana wengi wa Kitanzania wameanzia humo, wakitua kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti. Ukiwa rubani peke yako, saa zote zinaandikwa kwa jina lako kama kamanda wa ndege, na mashirika yanazipenda saa hizo kuliko za rubani msaidizi.